Hawaii: Wanawake mabaharia na wakaaji wa pwani wasimama pamoja dhidi ya taka za plastiki

Kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Hawaii, nchini Marekani, kuna pwani inayoitwa Kamilo. Hakuna mji karibu nayo, na njia ya kufika huko ni mbovu, imejaa mawe ya volkano. Hata hivyo, taka zinafika kila siku: vifuniko vya chupa, miswaki, kamba, nyavu zilizokatika na vipande vidogo vya plastiki vilivyochanganyika na mchanga.

Zamani wenyeji walikwenda Kamilo kutafuta magogo yaliyoletwa na maji kutoka Amerika ya Kaskazini, wakayachonga mitumbwi. Mkondo wa bahari ni ule ule. Kilichobadilika ni mzigo unaoubeba.

Tangu mwaka 2003, shirika la Hawaii Wildlife Fund linakusanya watu wa kujitolea kusafisha pwani hiyo. Watu wazima na watoto wanajaza magunia kwa mikono, na nyavu nzito zinavutwa kwa magari. Wakirudi baada ya wiki chache, wanakuta taka nyingine. Mwaka 2014, wanasayansi walieleza aina mpya ya jiwe waliyoikuta hapo: plastiki iliyoyeyuka kwa moto na kushikana na mchanga na mawe.

Taka hizo nyingi hazitupwi na wakaaji wa Hawaii. Kati ya visiwa hivyo na California kuna eneo ambako mikondo inazunguka na kukusanya plastiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria kwamba eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba milioni 1.6 na kwamba ndani yake zinaelea tani 79,000 za plastiki. Karibu nusu ya uzito huo ni nyavu za kuvulia samaki.

Mwaka huo huo, kikosi cha wanawake peke yao kilipita katika eneo hilo kwa mashua ya matanga, kutoka Hawaii hadi Vancouver, Kanada. Safari hiyo iliandaliwa na eXXpedition, mradi ulioanzishwa mwaka 2014 na baharia Mwingereza Emily Penn. Wanawake hao walichota sampuli za maji na kuhesabu vipande vya plastiki. Penn mwenyewe aliwahi kupimwa damu: kati ya kemikali 35 za sumu zilizotafutwa, 29 zilipatikana mwilini mwake. Kwa sababu kemikali za namna hiyo zinaweza kumfikia mtoto tumboni mwa mama, aliona jambo hili linawahusu wanawake kwa namna ya pekee.

Mwaka 2018 pia, Lehua Kamalu, mwanamke wa Hawaii, aliongoza mtumbwi wa asili Hikianalia kutoka Honolulu hadi California, akiwa nahodha na mwongoza njia. Katika safari hiyo kikosi chake kilibeba ujumbe wa kuilinda bahari.

Mary Crowley, baharia wa California na mwanzilishi wa Ocean Voyages Institute, alichagua kuzitoa taka zenyewe. Mashua zinazokutana na wavu baharini zinaufunga kifaa kidogo cha satelaiti, kisha meli inaufuata. Mara nyingi wavu mmoja unaonyesha mahali zilipo nyingine nyingi. Mwaka 2020, meli ya matanga Kwai ilirudi Honolulu baada ya siku 48 na tani 103 za taka. Safari ya pili iliongeza tani 67.

Kila wavu unaotolewa baharini ni hatari moja pungufu. Sili wa Hawaii, ambao wamebaki karibu 1,600 tu, wananaswa na nyavu hizo na kufa. Kwenye kisiwa cha Midway, ndege wa baharini wanawalisha makinda wao plastiki wakidhani ni chakula.

Wakaaji nao wamepeleka sauti yao kwa viongozi. Bila kungoja sheria ya jimbo zima, visiwa vilipiga marufuku mifuko ya plastiki madukani kimoja baada ya kingine: Maui na Kauai mwaka 2011, kisiwa kikubwa mwaka 2013, na Oahu mwaka 2015. Mwishoni mwa 2019, Honolulu ilipitisha sheria dhidi ya vijiko, uma na vyombo vya chakula vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa.

Lakini sheria ya Honolulu haimfikii mvuvi anayeacha wavu wake katikati ya bahari, wala kiwanda cha nchi ya mbali. Hapo ndipo ushuhuda wa mabaharia unapohitajika: wao wameiona plastiki kabla haijafika mchangani. Kamilo itasafishwa tena na tena, lakini haitabaki safi mpaka wale wanaotupa, mbali na visiwa hivyo, nao waache.