Jumapili Saa Tisa Katika Vijiji vya Pfalz

Jumapili Ujerumani maduka hufungwa. Katiba ya mwaka 1919 iliitaja kuwa siku ya mapumziko inayolindwa na sheria, na kifungu hicho kikaingizwa katika katiba ya 1949 inayotumika hadi leo. Basi katika vijiji vya Pfalz, kusini-magharibi mwa nchi, chakula cha mchana kikishaliwa watu hushika njia ya uwanjani. Saa saba hucheza timu ya pili, saa tisa timu ya kwanza. Wazee huegemea bomba la chuma linalozunguka uwanja, kila mmoja mahali pake palepale pa miaka yote, na mchezaji akikosa goli husemwa kwa jina la baba yake.

Bundesliga iko mbali sana na hapa. Chini ya ligi tatu za kulipwa kuna Regionalliga, kisha Oberliga, na ngazi zinaendelea kushuka hadi Bezirksliga na zile zinazoitwa kwa herufi A, B na C. Daraja C ni la kumi na moja kutoka juu. Shirikisho la soka la Ujerumani, DFB, lililoundwa Leipzig mwaka 1900, lina vilabu 24,000 hivi na wanachama zaidi ya milioni 7, na walio wengi mno ni wa huku chini. Sisi tungeuita mpira wa mchangani. Lakini una ratiba, usajili, kupanda na kushuka daraja, na matokeo ya daraja C huandikwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule wa ligi kubwa.

Kinachoubeba ni chama cha wanachama. Sheria inataka watu 7 tu ili kukisajili mahakamani, na mwenye duka la magari ana kura moja sawa na fundi wake. Kila mwaka huitishwa mkutano mkuu: mweka hazina husoma hesabu, wakaguzi waliochaguliwa miongoni mwa wanachama husema kama wameridhika, kisha mkutano hupiga kura ya kuiondolea kamati dhamana ya mwaka uliopita. Halafu wanaitwa mbele wenye miaka 25 na 50 ya uanachama, wanavishwa beji kifuani. Wengi wao hawajagusa mpira tangu ujana wao, lakini ada wanalipa. Wengine waliandikishwa na wazazi kabla hawajajua kutembea.

Mimi naamini karatasi ya zamu iliyobandikwa kwenye jengo la klabu inakieleza kijiji vizuri kuliko msimamo wa ligi. Imeandikwa nani atachoma soseji, nani ataleta keki aliyooka nyumbani, nani atakaa mlangoni na kisanduku cha viingilio. Jumamosi mtunza uwanja huvuta kamba kutoka kona hadi kona, akaifuata na mkokoteni wake wa chokaa, na usiombe ukanyage mstari kabla haujakauka. Dirishani hutolewa mvinyo mweupe uliochanganywa na maji ya gesi, katika bilauri la nusu lita lenye vishimo pembeni ili lisiponyoke mkononi. Mwamuzi wa madaraja ya chini huja peke yake, bila wasaidizi. Mechi ikiisha, klabu mwenyeji humlipa posho na nauli yake, akatia saini. Jezi zenye tope hurundikwa kwenye begi moja, na ole wake aliyeacha soksi zimejikunja ndani-nje, kwa maana kuna mtu atakayezifua zote usiku huo.

Kosa hilo la soksi lina bei. Timu nyingi zina orodha ya faini waliyoipitisha wachezaji wenyewe: kuchelewa mazoezini, simu kulia wakati kocha anaongea, kugonga njumu zenye tope ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, kadi nyekundu ya mdomo. Mambo ya heri nayo hulipiwa. Anayefunga goli lake la kwanza timu ya wakubwa huleta kreti la bia, na siku ya kuzaliwa hivyo hivyo. Fedha hukusanywa mwaka mzima na kijana mmoja aliyekabidhiwa daftari, na msimu ukiisha huwapeleka wote safari, mara nyingi Mallorca.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe ni jezi au zamu ya jikoni, na anayepewa ameshahesabiwa mwenyeji. Miroslav Klose alizaliwa Opole, Poland, mwaka 1978, akaletwa na wazazi wake wilaya ya Kusel akiwa mtoto asiyejua Kijerumani. Alijifunza useremala wa mapaa, akacheza SG Blaubach-Diedelkopf, klabu ya mtaani kwao, katika Bezirksliga, ambayo wakati ule ilikuwa daraja la saba. Alipoondoka mwaka 1998 alikuwa na miaka 20. Miaka minne baadaye alikuwa kwenye Kombe la Dunia, na mwaka 2014 akafikisha magoli 16 ya mashindano hayo, mengi kuliko mwanamume yeyote kabla yake. Kwa hiyo vijijini hapa mtu akimwambia mshambuliaji wa daraja la chini kwamba bado hajachelewa, haongei kwa kumfariji tu.

Msimu huanza Agosti, baada ya mwezi wa kukimbia milimani na mechi za kirafiki. Mwanzo wake huangukia majira ya Kerwe, sherehe ya kanisa ya kila kijiji, na vilabu huomba mapema kucheza nyumbani wikiendi hiyo. Vijana waliokesha kwenye hema la ngoma huingia uwanjani macho mekundu, na kufungwa siku ya Kerwe ni jambo ambalo kijiji hulikumbuka hadi Kerwe ijayo. Novemba uwanja huwa tope. Desemba ligi husimama, Januari watu huhamia kwenye mashindano ya ukumbini, na Machi mechi zilizoahirishwa huchezwa katikati ya wiki, watu wakitoka kazini moja kwa moja. Ijumaa Kuu hakichezwi kitu. Mei bingwa humwagiwa bia, na washindi wa pili hupelekwa kwenye mechi ya mchujo katika uwanja wa kijiji cha tatu, ambako huweza kufurika watazamaji kuliko wakazi wa vijiji vyote viwili vinavyocheza.

Pfalz ina sababu ya kuota ndoto kubwa. Fritz Walter, nahodha wa mabingwa wa dunia wa 1954, aliishi Alsenborn na kuisaidia timu ya kijiji hicho. SV Alsenborn ilitwaa ubingwa wa Regionalliga Südwest, daraja la pili enzi hizo, mwaka 1968, 1969 na 1970, na mara zote tatu ikakwama kwenye mchujo wa kuingia Bundesliga. Mwaka 1974, ilipoundwa ligi mpya ya daraja la pili, nafasi yake ilipewa klabu ya Saarbrücken.

Si kila kitu ni kizuri. Katika msimu wa 2022/23 DFB ilihesabu mechi 961 za ridhaa zilizovunjika kwa vurugu au ubaguzi nchi nzima, na jambo hilo linauma, kwani anayepigwa au kutukanwa mara nyingi ni yule mwamuzi aliyekuja peke yake. Tangu msimu wa 2024/25 mwamuzi anaweza kuinua mikono iliyopishana, kila timu ikarudi kwenye eneo lake la penalti hadi hasira zishuke. Akilazimika mara ya tatu, mechi imekwisha. Ni utaratibu mwema, ila nguvu yake inategemea wale wazee wa kwenye bomba: wakinyamaza kijana wao anapomtusi mwamuzi, hakuna ishara itakayosaidia.

Tatizo kubwa zaidi ni watu. Wilaya ya Kusel ina wakazi 70,000 hivi, vijana huondoka kwenda vyuoni na mijini, na klabu isiyofikisha hata wachezaji 7 hupoteza pointi mezani. Ndiyo maana vijiji vilivyokuwa mahasimu kwa vizazi huungana na kuunda timu moja. Mchezaji anayetaka kuhama klabu sharti ajiondoe si baada ya Juni 30, kwa hiyo mazungumzo ya kuungana hufanyika majira ya kuchipua, na ni mazito. Hubishaniwa rangi ya jezi, jina la nani litangulie, nani atakuwa kocha. Mwisho kabisa hugawanywa viwanja: mzunguko wa kwanza huchezwa kijiji hiki, wa pili kile, na kila jiko hubaki na karatasi yake ya zamu.