Mfunze mbwa wako kurudi anapoitwa

JE, umewahi kukimbia mtaani ukiwa na patipati miguuni, ukimfukuza mbwa wako aliyechoropoka mara tu lango lilipofunguliwa? Majirani hucheka, lakini jambo hilo si mzaha. Mbwa huyo aweza kugongwa na matatu, kumwuma mtoto wa wenyewe, au kupigana na mbwa koko mwenye ugonjwa wa kichaa.

Wengi humfunga mnyororo mchana kutwa wakidhani wamemaliza shida. La hasha! Mbwa mwenye nguvu nyingi akifungwa hivyo huzidi kutamani kutoroka. Dawa ni kumfundisha kuitikia mwito.

Kosa kubwa tunalofanya ni kumchapa akirudi. Umemwita nusu saa nzima, hatimaye akaja, nawe ukamtandika. Wewe wadhani umemwadhibu kwa kutoroka. Yeye amejifunza kwamba kuja kwako ni kupigwa, na kesho hatakuja. Hata ukiwa na hasira kiasi gani, akirudi msifu. Vilevile, usimwite unapotaka kumwogesha au kumfungia. Mwendee alipo umchukue.

Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula mwilini, alionyesha kwamba mbwa hutokwa na mate kwa kusikia tu sauti aliyozoea kuisikia kabla ya kulishwa. Basi, neno lako la kuita na liwe sauti ya namna hiyo.

Kwanza, jamii nzima ikubaliane juu ya neno moja, kwa mfano "njoo". Baba akisema "njoo", mama "rudi" na watoto wapige miluzi, mbwa atachanganyikiwa.

Pili, anzia nyumbani kabla hajala. Chemsha maini, uyakate vipande vidogo kama maharagwe. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Akifika, mshike ukanda wa shingoni, mpe kipande, kisha mwachilie aendelee kucheza. Hivyo atajua kuitwa si mwisho wa raha. Dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, zatosha.

Tatu, akishazoea, mpeleke kwenye uwanja wenye ua akiwa na kamba ya mita 10 hivi. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, asije akaumia akikurupuka. Asipoitika, usirudierudie mwito. Mvute polepole, na akija mpe haki yake. Usimfungue kamba mpaka awe anakuja kila mara, hata kukiwa na watoto wanaocheza mpira au paka anayepita.

Na akikuponyoka je? Usimfukuze, kwani atadhani ni mchezo. Mwite, kisha kimbia ukielekea upande mwingine. Mara nyingi atakufuata.

Kazi hii huchukua wiki nyingi, pengine miezi, hasa kwa mbwa kijana ambaye hajatimiza miaka miwili. Barabarani, hata aliyefunzwa vyema atembezwe kwa kamba, na chanjo ya kichaa asiikose kila mwaka.

Samaki mkunje angali mbichi. Anza leo jioni, kabla lango halijafunguliwa tena.