Nafasi ya Anga ya Juu katika Ukuaji wa Vimbunga vya Tropiki

Pindi kimbunga kinapotajwa, fikira za wengi huelekea baharini. Ni kweli kwamba maji yenye joto la takriban nyuzi 26.5 za Selsiasi au zaidi ndiyo chemchemi ya nguvu zake. Hata hivyo, joto la bahari pekee halitoshi. Makala haya yanafafanua jinsi hali ya anga ya juu inavyokikuza kimbunga, au kukiua kingali kichanga.

Kimbunga hufanya kazi mfano wa dohani. Hewa yenye unyevu huvutwa kuelekea kitovuni, ikapanda na kupoa. Mvuke unapogeuka kuwa maji huachilia joto, nalo huisukuma hewa juu zaidi. Ifikapo kimo cha kilomita 12 hadi 16, hewa hiyo sharti ipate njia ya kutokea. Upepo wa juu ukiisambaza mbali na kitovu, mgandamizo wa hewa hushuka usoni pa bahari na upepo wa chini huzidi kasi. Isiposambazwa, dohani huziba.

Kizuizi kikuu ni tofauti ya kasi na mwelekeo baina ya upepo wa chini na ule wa juu. Tofauti hiyo ikizidi takriban kilomita 40 kwa saa, aghalabu mnara wa mawingu huinamishwa, joto lake likatengwa na kitovu, na hewa kavu ikapenya ndani.

Mwaka 1997, Kenya ilipofurika kwa mvua za El Nino, bahari ya Atlantiki ilipata vimbunga vichache kuliko kawaida. Sababu ni kwamba El Nino huupa nguvu upepo wa juu utokao magharibi katika eneo hilo, nao huvikata vimbunga vichwa. Kinyume chake, Aprili 2019 tofauti hiyo ilikuwa ndogo kaskazini mwa Madagaska. Kimbunga Kenneth kilikua upesi, kikapita karibu na Ngazija tarehe 24, na kesho yake kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji, wiki 6 tu baada ya Idai kuipiga Beira.

Ni dhahiri, basi, kwamba mtabiri hana budi kuitazama bahari na anga pamoja. Wanaisimu nao wana wajibu: tofauti hiyo ya upepo ingali inahitaji istilahi moja thabiti ya Kiswahili. Jambo lisilo na jina ni vigumu kumweleza mvuvi anayengoja kujua iwapo atweke tanga au abaki pwani.