Mambo ya Kuzingatia kabla ya Kununua Mashine ya Santuri

Kila mashine ya kuchezea santuri inapofanya kazi, hugusa moja kwa moja chanzo chenyewe cha sauti. Sindano hupita ndani ya mfereji mwembamba uliochongwa juu ya santuri, na isipokuwa sahihi hukwangua kuta za mfereji huo na kuondoa sauti isiyoweza kurudishwa tena. Kwa hiyo, dijei au mtayarishaji wa muziki anayenunua mashine hachagui ubora wa sauti peke yake. Anachagua pia umri wa santuri atakazozicheza.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za Kiswahili katika santuri. Miongo kadhaa baadaye, nyimbo nyingi za bendi za Tanzania, Kenya na Kongo zilitolewa katika santuri ndogo za kasi ya 45 zilizochapwa Nairobi. Santuri hizo hazichapwi tena, na baadhi zimebaki nakala chache mno. Mashine isiyofaa inaweza kuharibu nakala ambayo mmiliki wake hataipata kwingine.

Mota: mkanda au moja kwa moja

Mashine za santuri ziko za aina kuu mbili. Katika aina ya kwanza, mota huzungusha sahani kwa kutumia mkanda wa mpira. Mkanda hupunguza mtikisiko wa mota usifike kwenye sindano, hivyo aina hii huwafaa wasikilizaji wa nyumbani na wanaohamishia nyimbo kwenye kompyuta. Hata hivyo, nguvu yake ni ndogo. Santuri ikizuiwa kwa mkono, sahani huchelewa kurudi katika kasi yake, na mkanda hulegea kadiri unavyozeeka.

Katika aina ya pili, sahani hukaa juu ya mota yenyewe. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianza kuuza mashine za namna hiyo kwa jina la Technics mwaka 1970, na mwaka 1972 ikatoa SL-1200. Toleo la MK2 lilitoka mwaka 1979 likiwa na kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Sahani yake hufikia kasi kamili kwa sekunde 0.7. Sifa hizo ndizo zilizoifanya ipendwe na madijei.

Asili ya mahitaji hayo ni Bronx, New York, katika miaka ya 1970. Huko DJ Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, alitumia mashine mbili na nakala mbili za santuri moja ili kurefusha sehemu ya ngoma waliyoipenda wachezaji. Kazi ya aina hiyo huhitaji mota yenye nguvu, inayoanza upesi na kutunza kasi. Kwa dijei, basi, mashine ya mkanda haifai hata ikiwa sauti yake ni nzuri.

Mkono na sindano

Mkono wa mashine hubeba sindano na huwa na kipande cha uzito upande wa nyuma. Mnunuzi ahakikishe kuwa kipande hicho kinaweza kurekebishwa. Sindano nyingi za usikilizaji wa kawaida hufanya kazi kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2, ilhali sindano za madijei huhitaji gramu 3 hadi 4 ili zisiruke santuri inaporudishwa nyuma kwa mkono. Kipimo sahihi huandikwa na mtengenezaji. Uzito ukizidi, mfereji hulika haraka. Ukipungua mno, sindano hurukaruka na kuzikwangua kuta za mfereji.

Umbo la ncha nalo ni muhimu. Ncha ya duara hustahimili kazi ya dijei, kwa kuwa haikwami santuri inaporudishwa nyuma. Ncha ya umbo la yai hufika ndani zaidi ya mikunjo ya mfereji na kuchota sauti kwa ufasaha, kwa hiyo humfaa mtayarishaji anayerekodi. Ni vyema anayefanya kazi zote mbili awe na sindano mbili, kila moja kwa kazi yake.

Kasi tatu, mifereji miwili

Santuri kubwa za vinili huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na zile ndogo mara 45. Santuri za zamani zaidi, zikiwamo za enzi ya Siti, huzunguka takriban mara 78. Mashine nyingi za madijei, ikiwamo SL-1200MK2, zina kasi mbili za kwanza tu. Toleo la MK7, lililotoka mwaka 2019, lina zote tatu.

Kuwa na kasi ya 78 pekee hakutoshi. Mfereji wa santuri hizo ni mpana, na huhitaji ncha yenye upana unaokaribia mara nne ya ile ya santuri za vinili. Ncha nyembamba huteleza chini ya mfereji mpana na kuokota vumbi na kelele. Ncha pana nayo huharibu santuri ya vinili.

Njia ya sauti hadi studio

Umeme wa sauti unaotoka kwenye sindano ni mdogo sana, takriban milivoti chache. Aidha, santuri inapochongwa, sauti nzito hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa kwa kanuni iitwayo RIAA, iliyokubalika tangu mwaka 1954. Kifaa cha kukuza sauti ya santuri hurekebisha mambo yote mawili. Mikseri nyingi za madijei zina sehemu maalumu ya kuchomeka mashine ya santuri. Kifaa cha kawaida cha kurekodia huwa hakina, hivyo mtayarishaji hulazimika kununua kikuzaji au kuchagua mashine iliyo nacho ndani. Waya wa ethi usipofungwa, mvumo husikika katika kila rekodi.

Mashine zenye waya wa USB hurahisisha kazi, lakini nyingi hurekodi kwa kiwango cha biti 16. Kwa anayehifadhi santuri adimu, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, IASA, inapendekeza angalau biti 24 na kilohezi 48. Kurekodi kwa kiwango hicho hupunguza haja ya kuicheza santuri mara kwa mara.

Umeme na mashine iliyotumika

Tanzania hutumia umeme wa voti 230 na hezi 50. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani hutumia voti 100, na za Marekani voti 120. Kuichomeka mashine ya namna hiyo ukutani bila transfoma ya kushusha umeme kunaweza kuiunguza papo hapo. Hezi nazo zina athari yake. Baadhi ya mashine za mkanda zilizoundwa kwa hezi 60 huzunguka polepole kwenye hezi 50, na santuri ya 33 hushuka hadi takriban mizunguko 28, kosa ambalo transfoma hailirekebishi. Mnunuzi asome kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Kwa mashine iliyokwisha kutumika, ni vyema ijaribiwe mbele ya muuzaji. Mkono ukishikwa kwa upole usicheze kwenye egemeo lake. Spika zote mbili zitoe sauti sawa. Kwenye SL-1200, kitelezi kikiwa katikati, safu ya nukta kubwa kandokando ya sahani ionekane imesimama chini ya taa yake. Nukta zikisogea, kasi si sahihi. Sindano iliyokuja na mashine kuukuu isiteremshwe juu ya santuri yenye thamani, kwani muda wa matumizi yake haujulikani.

Haki za wasanii

Kumiliki santuri si kumiliki wimbo uliomo. Mtayarishaji anayetaka kukata kipande cha wimbo na kukitumia katika kazi mpya anapaswa kupata kibali cha wenye haki. Katika Tanzania Bara, masuala hayo yanaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na husimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wa matumizi ni muhimu kuliko jina la kampuni. Dijei aanze na mota yenye nguvu. Mtayarishaji aanze na sindano nzuri na kikuzaji safi. Wote wawili watenge fedha za sindano mpya, kwa kuwa sindano iliyochakaa hubadilishwa kwa siku moja, lakini mfereji uliokwanguliwa haurejei.