Je, wajua? Kiyoyozi ni mfereji wa joto

Baba mdogo alikuja Dar es Salaam kutoka Samunge mwezi wa Februari, siku ambazo hata usiku shuka hulowa. Nilimlaza kwenye chumba chenye AC. Asubuhi nikamkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa, anatazama kibomba cha plastiki kinachodondosha maji kwenye sakafu.

"Mwanangu, haya maji mnayamwaga?"

"Ni ya AC, baba. Hayana kazi."

"Maji hayana kazi?" Alinitazama kama mtu aliyesikia neno baya. Akaomba ndoo.

Aliyezaliwa Samunge atamwelewa. Kijiji hiki cha Wabatemi, ambao watu wa nje huwaita Wasonjo, kiko kwenye nchi kavu ya wilaya ya Ngorongoro, magharibi ya Ziwa Natron. Taifa lilijua jina lake mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Kabla ya kikombe hicho na baada yake, Wabatemi wameishi kwa mifereji. Maji ya chemchemi huelekezwa mashambani kwa zamu, na wapo wazee wa maji, wenamiji, ambao neno lao ndilo linaloamua nani afungulie leo na nani asubiri. Mtoto wa huko hujifunza mapema mambo mawili: mfereji ukirefuka maji hunywewa na udongo njiani, na maji yakiingia shamba lisilopandwa kitu yamepotea.

Niliyakumbuka hayo mawili asubuhi ile, kwa sababu wiki hiyohiyo rafiki yangu anayejenga alikuwa ameniuliza afunge AC moja kubwa ya nyumba nzima, yenye njia za hewa juu ya dari, au AC ndogondogo za ukutani, kila chumba na yake. Alikuwa amepewa bei za vifaa, wala hakuna aliyemwambia habari za mfereji.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto lililo ndani na kulitupa nje. Ndani ya koili ya chumbani kuna gesi iliyogeuzwa kimiminika, na kimiminika hicho huchemka kikiwa bado baridi, nyuzi chache tu juu ya sifuri. Kuchemka kunahitaji joto, kama maji ya chai yanavyohitaji moto, na joto hilo kinalinyonya kutoka kwenye hewa ya chumba. Gesi ikishashiba joto hukimbilia nje, kompresa inaibana mpaka inakuwa ya moto kuliko hewa ya barabarani, nayo inalitema joto lile. Kisha inarudi ndani kuchota tena. Umeme unalipia ubebaji tu, ndiyo maana yuniti moja ya umeme huweza kuhamisha yuniti kama tatu za joto.

Maji aliyoyahurumia baba mdogo yalikuwa ndani ya hewa yetu ya pwani. Hewa yenye unyevu ikigusa koili baridi hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Mashine ya kwanza ya kiyoyozi cha kisasa ilibuniwa kwa ajili ya maji hayo hasa. Mwaka 1902 Willis Carrier aliitwa kusaidia kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, ambako unyevu ulifanya karatasi zitanuke na rangi zisikae mahali pake. Kuwapoza watu kulikuja baadaye.

Tofauti ya AC mbili alizoulizia rafiki yangu iko kwenye kinachosafiri. Kwenye AC ya ukutani, ile mafundi wanayoiita spliti, gesi yenyewe hupita kwenye mabomba membamba ya shaba, mita chache, mpaka chumbani. Kwenye AC ya nyumba nzima, hewa hupozwa mahali pamoja kisha husukumwa na feni kubwa kupitia masanduku marefu ya bati ambayo mafundi huyaita dakti. Kilo moja ya gesi inayochemka hubeba kiasi cha kilojuli 200 za joto. Kilo moja ya hewa iliyoshushwa nyuzi 10 hubeba kilojuli 10 hivi. Ili kubeba mzigo uleule unahitaji hewa mara 20 kwa uzito, na hewa ni nyepesi, kwa hiyo njia yake lazima iwe pana kama mwili wa mtu wakati bomba la shaba lina unene wa kidole.

Njia pana ina ngozi kubwa, na ngozi hiyo hupitishwa mahali pabaya kuliko pote: juu ya dari, chini ya bati linalochomwa na jua. Hewa baridi hupata joto njiani, na nyingine huvuja kwenye viungio. Huko Marekani, ambako nyumba nyingi zina dakti, Wizara ya Nishati inasema upotevu huo unaweza kuzidi asilimia 30 ya nishati yote ya kupoza na kupasha joto pale dakti zinapopita sehemu isiyopozwa. Huo ndio udongo unaokunywa maji.

Shamba lisilopandwa nalo lipo. Saa tano usiku sebule haina mtu, chumba cha wageni hakina mtu, jikoni hakuna mtu. AC ya nyumba nzima ya kawaida, isiyo na vizibo vya kugawa vyumba, itavipoza vyote ili watu wawili walale. AC za ukutani zina mwenamiji wao, naye ni ile rimoti iliyo kwenye kila chumba.

Tuhesabu kwa shilingi. AC ya BTU 12,000 huitwa pia ya tani moja, na tani hiyo ni ya barafu: ni nguvu ya kupoza sawa na kuyeyusha kilo 907 za barafu kwa siku moja. AC ya aina hiyo ya kawaida huvuta kama kilowati 1.2 kompresa ikiwa inafanya kazi. Tuseme kompresa inafanya kazi theluthi mbili ya muda, kwa saa 8 za usiku. Hizo ni yuniti 6.4 kwa usiku, 192 kwa mwezi. Kwa bei za umeme zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida hulipa shilingi 292 kwa yuniti, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 356.24. Chumba kimoja, basi, ni kama shilingi 68,400 kwa mwezi. AC ya nyumba nzima ya tani nne, kwa hesabu hiyohiyo, itakula yuniti 768, yaani shilingi 273,600. Ukiwa na vyumba viwili vyenye watu, spliti mbili zitakula nusu yake, na bado sijagusa kinachovuja kwenye dakti.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakuambii na ambalo linaniuma kwa niaba ya wenye kipato kidogo. Kwa bei hizohizo, mteja wa nyumbani asiyezidi wastani wa yuniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 122 tu kwa yuniti, tozo zikiwemo. Akizoea kuvuka, huhamishiwa kundi la 356.24, na bei hiyo mpya inashika kila kitu: taa, friji, pasi, televisheni. Chukua familia iliyokuwa ikitumia yuniti 60 na kulipa shilingi 7,320. Ikifunga AC moja ya kawaida itatumia yuniti 252 na kulipa kama 89,800. Kwa hiyo AC haikuwagharimu 68,400. Imewagharimu zaidi ya 82,000, kwa sababu imepandisha bei ya hata balbu ya chooni. Anayepanga kununua AC apige hesabu hii kwanza, kabla ya bei ya dukani.

Inveta inapunguza maumivu. Kompresa ya zamani inajua kuwaka na kuzima tu. Ya inveta hupunguza mwendo chumba kikishapoa na kuendelea taratibu. Toshiba ya Japani ilileta AC ya nyumbani ya aina hiyo mwaka 1981. Ikiokoa asilimia 30, makadirio ambayo hayajatiwa chumvi, ile familia itatumia yuniti 194 na kulipa 69,100. Zaidi ya shilingi 20,000 zimebaki mfukoni kila mwezi, na tofauti ya bei ya kununua hurudi mapema kuliko watu wanavyodhani. Rimoti nayo ina la kuchangia. Taasisi ya serikali ya India inayosimamia matumizi bora ya nishati hukadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha huokoa asilimia 6 ya umeme, na tangu Januari 2020 AC mpya za vyumba nchini humo lazima ziwe na mpangilio wa awali wa nyuzi 24. Panga 26, washa na feni ya dari, inayokula wati 75 au pungufu, na mwili utahisi ubaridi uleule.

Sitaki kuionea AC ya nyumba nzima. Spliti huzungusha hewa ileile ya chumbani. Haileti hewa mpya. Hospitali, ukumbi, soko kubwa la ndani, ofisi yenye watu kila kona kutwa nzima, hapo panahitajika mtambo wa pamoja unaochuja hewa na kuingiza mpya, na mitambo mikubwa inayozungusha maji baridi hufanya kazi kwa ufanisi wa juu sana. Kila shamba likiwa limepandwa, mfereji mkubwa ni halali. Na nyumba yenye spliti sita ina matundu sita ukutani, mashine sita za nje na vichujio sita vya kuosha. Ila kwa nyumba za kwetu, ambazo watu hukusanyika chumba kimoja kimoja kulingana na saa, sioni sababu ya dakti, na ndivyo nilivyomwambia rafiki yangu.

Gharama nyingine imejificha kwenye neno "gesi imeisha". Miaka mitatu mfululizo fundi alikuja kwangu kabla ya joto kuanza, akaniambia, "Bosi, gesi imeisha, tujaze," nikalipa. Gesi ya AC haiishi. Haichomwi, hailiwi; inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na ikiwa imepungua basi kuna mahali inavuja. Kujaza bila kuziba ni kumwaga maji kwenye mfereji uliopasuka. Mwaka wa nne fundi mwingine alipaka povu la sabuni kwenye kiungio cha mashine ya nje, mapovu yakatoka, akakaza, na hajarudi tena kwa kazi hiyo.

Na gesi ile inakokwenda ina madhara. Kilo moja ya R-410A, iliyomo kwenye AC nyingi, hupasha dunia joto kama kilo 2,088 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R-32, inayochukua nafasi yake, ni 675. Uamuzi wa kuzipunguza gesi hizi duniani ulifikiwa jirani hapa, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, kama marekebisho ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Unapomwambia fundi atafute mvujo, unatekeleza sehemu yako ya makubaliano ya Kigali.

Baba mdogo alisikiliza hesabu zangu zote kwa uvumilivu wa mzee, kisha akauliza swali moja. Joto hilo mnalolipia kulitoa, liliingiaje?

Liliingia kupitia bati. Yeye alizaliwa kwenye nyumba ya nyasi, ya mviringo, ya zile za Wabatemi ambazo mapaa yake hushuka karibu kugusa ardhi. Nyasi nene hushika hewa iliyotulia katikati yake, na hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Bati lina unene usiofika milimita moja, na jua likiliwakia mchana linakuwa jiko lililogeuzwa juu chini, likimimina joto kwa walio chini yake. Sisemi turudi kwenye nyasi. Bati halivuji ovyo wala halidai kuezekwa upya mara kwa mara, na watu wana haki ya kulitaka. Lakini dari, matundu ya kutoa hewa ya moto chini ya paa, rangi nyeupe juu ya bati na mti upande wa magharibi hupunguza mzigo wa AC kila siku, bila umeme wa LUKU. Rafiki yangu amehamishia sehemu ya fedha za dakti kwenye dari.

Samunge yenyewe, tofauti na Dar, hewa yake ni kavu kwa muda mrefu wa mwaka, na hiyo ni bahati. Lita moja ya maji ikikauka huondoka na joto la karibu yuniti 0.67. Ndiyo siri ya mtungi wa udongo: maji hupenya kidogo kidogo hadi nje, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Nguo iliyolowa ikitundikwa mbele ya dirisha lenye upepo hufanya kazi hiyohiyo. Hapa pwani, hewa imeshashiba maji na haipokei zaidi, kwa hiyo mtungi hupoza kidogo na nguo ya dirishani hukupa harufu ya uvundo tu.

Ndoo ya lita 10 niliyompa baba mdogo ilikuwa imepita nusu asubuhi iliyofuata. Aliibeba mwenyewe hadi kwenye tuta la mchicha la mama watoto, akatoboa udongo kwa kidole kati ya mistari, na kuyaachia maji yaende polepole, akianzia mwisho wa tuta ulio mbali zaidi.