Kennedy: jina la ukoo wa Ireland lililogeuka jina la mtoto nchini Kenya

Katika nchi jirani ya Kenya si ajabu kukuta darasani au ofisini wanaume wawili watatu wanaoitwa Kennedy, kila mmoja akifuatishia jina la baba yake la Kijaluo, Kiluhya au Kikisii. Kwao ni jina ambalo mtoto hupewa anapozaliwa. Huko lilikotoka ni jina la ukoo, nalo halipewi bali hurithiwa.

Asili yake ni Ó Cinnéide, kwa Kigaeli, lugha ya kale ya Ireland. Neno Ó maana yake ni mjukuu au mzao. Kazi yake haiko mbali na ile ya "bin" kwa Waswahili au "arap" kwa Wakalenjin. Herufi O inayotangulia majina mengi ya wanaume wa Kijaluo ni jambo jingine kabisa, ijapokuwa kufanana huko kumewahi kuzua mzaha. Cinnéide lenyewe lilikuwa jina la mtu. Sehemu yake ya kwanza ni "kichwa"; kuhusu ya pili wataalamu hawakubaliani. Wapo wanaolifasiri kuwa kichwa kilichovikwa kofia ya chuma, na wapo wanaosema ni kichwa kisichopendeza kutazamwa. Si vigumu kukisia ni tafsiri ipi wenye jina huipendelea.

Nasaba ya ukoo huo hupelekwa kwa Cinnéide aliyekuwa mtoto wa ndugu yake Brian Boru, mfalme mkuu wa Ireland aliyeuawa katika mapigano ya Clontarf mwaka 1014. Makao ya kwanza yalikuwa mashariki mwa Clare. Baadaye walivuka mto Shannon wakaingia Ormond, kaskazini mwa Tipperary ya leo, wakawa mabwana wa nchi hiyo kwa karne kadhaa. Waliongezeka hata wakagawanyika matawi matatu yenye majina ya rangi: Don, Fionn na Rua, yaani kahawia, nyeupe na nyekundu. Akina Kennedy wa Ayrshire, huko Uskoti, huhesabiwa kuwa ukoo mwingine.

Utawala wa Waingereza uliwanyang'anya watu hawa vitu viwili. Kwanza ardhi: baada ya jeshi la Oliver Cromwell kutua Ireland mwaka 1649, mashamba ya wenyeji wengi yalitaifishwa, na waliokuwa mabwana wakawa wapangaji. Pili ni ile Ó. Makarani waliandika majina ya Kigaeli kwa kufuata sikio la Kiingereza, na jina lililodhihirisha uenyeji lilikuwa mzigo kwa mwenye nalo. Mwishoni mwa karne ya 19 baadhi ya koo zilirudisha herufi yao. Akina Kennedy walio wengi hawakuirudisha.

Kisha ikaja njaa. Kuanzia mwaka 1845 ugonjwa uliozisha viazi, chakula kikuu cha maskini. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Miongoni mwa waliohama alikuwemo Patrick Kennedy, mtoto wa mkulima mpangaji wa Dunganstown, Wexford. Alifika Boston, Marekani, akawa fundi wa mapipa, akamwoa Bridget Murphy, na mwaka 1858 akafariki. Aliyeiokoa familia ni mjane huyo, ingawa vitabu vya historia humtaja kwa haraka: alifanya kazi, akafungua duka, akalea watoto peke yake. Mwanawe Patrick Joseph alimiliki vilabu vya pombe, na katika miaka ya 1880 akaingia bunge la jimbo la Massachusetts. Kitukuu cha yule fundi, John, aliapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1961.

Kenya inaingia hapo. Julai 1960 Tom Mboya alikutana na John Kennedy, wakati huo seneta na mgombea urais, kumwomba msaada wa nauli za ndege za vijana wa Afrika waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Waliosafiri mwaka huo hawakuwa Wakenya pekee. Walikuwemo pia vijana wa Tanganyika na Uganda.

Juni 1963 rais huyo alizuru Dunganstown, akanywa chai na jamaa zake. Aliuawa Novemba 22 mwaka huo huo, siku 20 kabla ya bendera ya Kenya huru kupandishwa. Wavulana wengi wa Kenya wamepewa jina lake tangu miaka hiyo.

Wengi wa wavulana hao sasa ni baba na babu. Na kwa kuwa Wakenya wengi huandikisha jina la baba kuwa jina la mwisho la mtoto, wapo wasichana na wavulana ambao kwenye cheti cha kuzaliwa Kennedy limerudi kuwa jina la kurithi.