Safari ya Meksiko: Ngoma na Nyumba Zinazokumbusha Kwetu

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawasafirisha bila nauli wala kibali cha kutoka kambini. Tunaenda Meksiko!

Kituo cha kwanza ni Papantla, jimbo la Veracruz. Watu watano wanapanda mlingoti mrefu, mara nyingi wa mita 30 hivi. Mmoja anabaki juu kabisa, anapiga filimbi na kingoma. Wanne wanajirusha kichwa chini, wamefungwa kamba, wanazunguka mpaka ardhini. Kila mmoja huzunguka mara 13. Zidisha kwa 4 utapata 52, hesabu ya miaka katika kalenda ya zamani ya huko. Karibu na hapo, kwenye magofu ya El Tajín, kuna piramidi ya mawe yenye vidaka 365, sawa na siku za mwaka.

Kituo cha pili ni Cuajinicuilapa, jimbo la Guerrero, upande wa bahari ya Pasifiki. Hapa ndipo penyewe! Watu wengi wa hapa ni weusi kama sisi. Waafrika walipelekwa Meksiko utumwani tangu miaka ya 1500, wengi wao kutoka pande za Kongo na Angola. Hawakubeba kitu mkononi, walibeba kichwani. Zamani nyumba za hapa zilikuwa za mviringo, ukuta wa miti na udongo, paa la nyasi lenye ncha. Bibi zetu wangezitambua mara moja! Siku hizi nyingi zimeisha, watu wanajenga kwa saruji.

Lakini ngoma haijaisha. Siku za kukumbuka marehemu, mwanzoni mwa Novemba, vijana wanavaa vinyago vyenye pembe na ndevu za singa za farasi, wanacheza Ngoma ya Mashetani wakikanyaga ardhi kwa nguvu. Wanapiga kinanda cha mdomo, taya la punda na ngoma ya kusugua kwa kijiti. Katiba ya Meksiko iliwatambua watu hawa mwaka 2019 tu, lakini wenyewe walikuwa wanajijua.

Sasa tuulizane wazazi. Darasani tukiwauliza watoto waliozaliwa hapa kambini ngoma ya kijiji cha babu, wengi wananyamaza. Na wazee wetu bado wapo! Mzee, jioni moja mwite mjukuu, mwonyeshe hatua moja tu ya kwenu. Mama, mchoree chini nyumba uliyozaliwa: mlango ulitazama wapi, jiko lilikaa wapi. Watoto wakileta michoro shuleni, tutaibandika ukutani.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.